Sultan Khan: mtumishi kutoka Punjab aliyewaangusha mabingwa wa sataranji

Mtu mwenye simu ya intaneti, hata ile ya bei ndogo, anaweza leo kufungua mchezo mmoja wa sataranji uliochezwa Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, katika mashindano yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 1930. Atautazama hatua kwa hatua hadi hatua ya 65. Mwenye kete nyeusi ni José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927, mtu aliyewahi kukaa miaka minane bila kushindwa hata mchezo mmoja wa mashindano. Mwenye kete nyeupe ni kijana wa Kipunjabi ambaye miaka michache tu kabla ya hapo alikuwa bado anajifunza sheria za sataranji ya Kizungu. Jina lake ni Mir Sultan Khan. Na ndiye aliyeshinda.

Kwanza tuliweke sawa jina hilo. Sultan lilikuwa jina lake, halikuwa cheo. Hata kwetu mitaani wapo akina Sultani wengi wasio na jumba wala askari. Huyu naye hakuwa na ikulu. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya mtu mwingine.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wengi husema mwaka 1903, katika kijiji cha Mitha Tiwana, Punjab, wakati India yote ilipokuwa chini ya Waingereza. Leo kijiji hicho kiko Pakistan. Baba yake alimfundisha sataranji akiwa mtoto wa miaka tisa hivi. Ila sataranji aliyofundishwa ilikuwa ya Kihindi, na tofauti yake na ile ya Ulaya tunaieleza kidogo hapa, kwa sababu bila kuielewa hatuwezi kumwelewa mchezaji huyu.

Sataranji huchezwa juu ya ubao wa miraba 64, kama ule wa drafti uliozoeleka vijiweni. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili, ambao wengine huwaita tembo, na askari wanane wa mbele. Lengo ni kumbana mfalme wa mwenzako asiwe na pa kukimbilia. Katika sheria za Ulaya, askari anaweza kuruka miraba miwili anapoondoka mara ya kwanza. Katika sataranji ya Kihindi huenda mraba mmoja mmoja tu. Ulaya, mfalme na ngome hupishana kwa hatua moja ili mfalme akajifiche pembeni. Kwa Wahindi hakuna kupishana huko, ila mfalme huruhusiwa mara moja kuruka kama farasi. Tena askari akifika mwisho wa ubao Ulaya hugeuka kete yoyote aitakayo mwenyewe, na karibu kila mtu huchagua malkia. Kwa Wahindi hugeuka kulingana na mstari alioingilia: akiingia kwenye mstari wa farasi anakuwa farasi, basi.

Utaona kwamba mchezo wa namna hiyo huanza polepole. Majeshi hayagongani mapema. Anayeshinda si yule aliyekariri hatua kumi za mwanzo. Ni yule anayejua kuvumilia, kusogeza kete zake pahali pazuri, na kuimaliza kazi mwishoni kete zikiwa zimebaki chache. Sultan Khan alikulia humo. Alipofika miaka 21 hivi, alihesabika kuwa hodari kupita wote katika Punjab.

Ndipo akaonwa na Sir Umar Hayat Khan. Huyu alikuwa mwenye mashamba makubwa katika eneo hilohilo, afisa wa jeshi mwenye cheo cha juu, mtu wa karibu na serikali ya kikoloni, na mpenzi mkubwa wa sataranji. Alimchukua kijana nyumbani kwake. Mambo ya baina ya watu hawa wawili yanabishaniwa hadi leo. Waandishi wa Ulaya walimwita Sultan Khan mtumishi, wengine wakafika kusema mtumwa asiyejua kusoma. Watu wa ukoo wake wameyakataa maelezo hayo: wanasema hakuwa mjinga wa kusoma, na kwamba alipewa posho, chakula na malazi kwa sababu ya kipaji chake. Sisi tunaona pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja zito, nalo ni kwamba safari zake zote, kwenda na kurudi, ziliamuliwa na Sir Umar.

Nyumbani kwa mkubwa huyo ndiko alikofundishwa sheria za Ulaya. Mwaka 1928 akaingia katika mashindano ya ubingwa wa India nzima. Alishinda michezo minane, akatoka sare mmoja, hakupoteza hata mmoja.

Masika ya mwaka uliofuata Sir Umar alikwenda London, ambako alikuwa mmoja wa washauri wa serikali ya Uingereza kuhusu mambo ya India. Akamchukua na mchezaji wake. Mashindano madogo yaliandaliwa ili Sultan Khan apimwe na kuzoezwa, na matokeo yakawa mabaya: alimaliza miongoni mwa wa mwisho. Sababu haikufichika. Wachezaji wa London walikuwa wamesoma vitabu juu ya hatua za mwanzo, wanajua ukienda hapa mimi nakwenda pale mpaka hatua ya kumi na zaidi. Yeye kila siku alikuwa akianza kama mtu anayeingia msituni bila njia. Mara nyingi alitoka mwanzoni akiwa tayari amebanwa.

Waingereza wawili hodari, William Winter na Frederick Yates, wakajitolea kumfundisha. Yates ndiye aliyekuwa bingwa wa Uingereza wa mwaka 1928. Mafunzo yalikuwa ya wiki chache tu. Kiangazi hichohicho, katika mji wa Ramsgate, Sultan Khan aliingia mashindano ya ubingwa wa Uingereza wa 1929, yaliyokuwa wazi kwa watu wa himaya yote, na akalitwaa taji. Magazeti yalishangaa. Muda si mrefu baadaye Sir Umar akarudi India, na bingwa mpya wa Uingereza akarudi naye.

Walikuja tena Ulaya mwaka 1930, na hapo ndipo ilipoanza miaka mitatu ambayo wapenzi wa sataranji wanaizungumza mpaka sasa. Huko Liège, Ubelgiji, alimaliza wa pili nyuma ya Savielly Tartakower, mmoja wa magwiji wa zama zile. Katika mashindano ya timu za mataifa huko Hamburg, Ujerumani, Uingereza ilimweka kwenye meza ya kwanza, yaani ile inayokabili mchezaji bora wa kila nchi. Hebu fikiria picha hiyo. Ilikuwa 1930. Mwezi Machi na Aprili mwaka huohuo Gandhi alikuwa ametembea kwenda baharini kuchota chumvi kuipinga serikali ya Waingereza, na maelfu ya Wahindi walikuwa wakijaa magerezani. Na Mhindi mwenye kilemba ndiye aliyekaa meza ya kwanza kuitetea Uingereza, kwa sababu hapakuwa na Mwingereza aliyeweza kumpita.

Kisha ikaja Hastings.

Mchezo wake na Capablanca unastahili kuelezwa, maana ndani yake mna mtindo wake wote. Capablanca alizikusanya ngome zake kwenye mstari mmoja, wa tatu kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe, akapenya mpaka kwenye boma la Sultan Khan na kumtisha mfalme wake mara mbili mfululizo. Mfalme huyo alikuwa bado katikati ya ubao. Hakuwa amefichwa pembeni kama wanavyofundisha vitabu vya Ulaya. Mchezaji wa kawaida angetetemeka. Sultan Khan alimsogeza mfalme hatua moja, kisha akatoa malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, na badala yake akachukua ngome zote mbili za Capablanca. Vumbi lilipotulia, mmoja alikuwa na malkia na mwingine ana ngome mbili.

Wengi wangemchagua malkia. Ni kete inayoruka kila upande na inayotisha. Lakini malkia wa Capablanca alikuwa peke yake, na ngome mbili zinazosaidiana ni kama watu wawili wanaolima shamba moja kutoka pande mbili: hazikimbii, ila mwisho hukutana. Kuanzia hatua ya 24 hadi ya 65 Sultan Khan hakufanya jambo lolote la kung'aa. Alifunga mlango mmoja, kisha mwingine. Malkia mweusi akawa anazunguka bila kazi. Bingwa wa zamani wa dunia, ambaye sifa yake kuu ilikuwa kuwamaliza watu polepole katika sehemu ya mwisho ya mchezo, akamalizwa polepole katika sehemu ya mwisho ya mchezo. Katika maisha yake yote ya utu uzima Capablanca hakufikisha vipigo 40 katika michezo ya mashindano. Hiki kilikuwa kimojawapo. Hakukionea haya, na baadaye aliandika kwamba kufika pale alipofika Sultan Khan katika hali aliyokuwa nayo ni jambo la kipaji cha ajabu kabisa.

Katika mashindano hayo Max Euwe wa Uholanzi alikuwa wa kwanza, Capablanca wa pili, Sultan Khan wa tatu. Euwe huyo alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935.

Mwaka 1931 Sultan Khan alikutana na Tartakower, wawili peke yao, michezo 12. Alishinda kwa pointi sita na nusu dhidi ya tano na nusu. Mwaka huohuo, katika mashindano ya mataifa huko Prague, alicheza michezo 17 kwenye meza ya kwanza, akashinda minane, akatoka sare saba, akapoteza miwili tu. Aliwafunga Salo Flohr na Akiba Rubinstein, na akatoka sare na Alexander Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati ule. Mwaka 1932 alipambana tena na Flohr katika michezo sita na akashindwa kwa tofauti ya pointi moja. Taji la Uingereza la 1931 lilichukuliwa na mwalimu wake Yates. La 1932 na la 1933 akayachukua yeye. Mataji matatu kwa jumla, na wataalamu waliokuja kuupima uwezo wake kwa hesabu wamemweka katika kumi bora wa dunia wa miaka hiyo.

Hayo yote aliyafanya akiwa mgonjwa mara kwa mara. Baridi na ukungu wa Uingereza havikumpenda. Alisumbuliwa na homa za malaria na maumivu ya koo, na waliomwona walikumbuka kumkuta mezani shingo imezungushiwa kitambaa. Alikuwa mkimya. Mbele ya ubao uso wake haukuonyesha kama anashinda au anashindwa, jambo lililowatia wasiwasi wapinzani waliozoea kumsoma mtu usoni. Udhaifu wake ulibaki uleule wa hatua za mwanzo. Alikuwa akiwapa watu nafasi ya kumtangulia, halafu anaanza kazi ya kuwafuata, saa baada ya saa. Anayetaka kujifunza kufungua mchezo asimtazame yeye. Anayetaka kujua namna ya kutokata tamaa katika hali mbaya, huyu ndiye mwalimu.

Mwaka 1933 nyumba ya Sir Umar ilitoa bingwa mwingine. Huko Hastings, wakati Sultan Khan akitwaa taji lake la tatu, msichana aliyeitwa Bi Fatima, naye mtumishi wa nyumba ileile, alishinda ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Alishinda michezo kumi, sare mmoja, hakupoteza. Alimwacha wa pili kwa pointi tatu. Historia imemwandika kidogo mno, na sisi tunaona hilo ni deni.

Majira hayo hayo kulitokea jambo ambalo limesimuliwa sana. Mashindano ya mataifa yalifanyika Folkestone, Uingereza, na Wamarekani wakashinda. Baadaye Sir Umar aliwaalika nyumbani kwake London. Mmoja wao, Reuben Fine, aliandika kwamba waliketi mezani kama wageni wa heshima, na aliyekuwa akiwahudumia chakula alikuwa Sultan Khan, ambaye wao walimjua kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa dunia. Wamarekani waliona aibu wasijue watazame wapi. Familia ya Sultan Khan inasema wageni hawakuelewa walichokiona, kwamba katika desturi za Punjab kumwandalia mgeni ni heshima na hata mwana wa nyumba hufanya hivyo. Kwa wasomaji wetu hoja hii haihitaji maelezo marefu, maana katika nyumba nyingi za kwetu anayemnawisha mgeni mikono si lazima awe mtumishi. Hata hivyo mwana wa nyumba, siku akitaka kuondoka, huondoka. Hapo ndipo sisi tunapoona tofauti.

Desemba 1933 Sir Umar alirudi India, na Sultan Khan akaondoka naye. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, umri ambao mchezaji wa sataranji ndiyo kwanza anakomaa. Hakurudi Ulaya tena. Mwaka 1935 alicheza na V. K. Khadilkar michezo kumi, akashinda tisa na kutoka sare mmoja. Huo ndio mwisho wa Sultan Khan katika mashindano makubwa. Miaka yake yote katika sataranji ya kimataifa haikutimia mitano.

Sir Umar alifariki mwaka 1944. Miaka mitatu baadaye India iligawanywa na Punjab ikakatwa vipande viwili. Kijiji cha Sultan Khan kikabaki upande wa Pakistan. Yeye mwenyewe alikuwa amepata shamba dogo karibu na alikozaliwa, akaishi huko kama mkulima, na mkewe na watoto 11. Kwa mtu anayeipima dunia kwa vikombe, hayo ni maisha yaliyopotea, na waandishi wengi wa Ulaya wameyaandika hivyo kwa huzuni. Sisi hatuna haraka ya kukubali. Ardhi yake mwenyewe, afya bila ukungu wa London, na siku ambayo hakuna mtu mwingine wa kuamua jahazi linaondoka lini: si kila aliyelelewa kijijini angeviita vitu hivyo hasara. Lakini hatuwezi pia kupita kimya mbele ya jambo moja alilosimulia mwanawe wa kwanza. Baba yao hakuwafundisha sataranji. Aliwaambia watafute kitu chenye manufaa zaidi cha kufanyia maisha yao.

Kifua kikuu kilimuua tarehe 25 Aprili 1966 huko Sargodha.

Likabaki suala la cheo. Mwaka 1950 Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lilitoa rasmi kwa mara ya kwanza cheo cha grandimasta kwa wachezaji 27. Orodha hiyo iliwaingiza hata wazee walioacha kucheza zamani. Rubinstein, ambaye hakuwa amecheza mashindano kwa karibu miaka ishirini, alipewa. Tartakower alipewa. Flohr na Euwe walipewa. Sultan Khan, aliyewafunga Rubinstein, Tartakower na Flohr, alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 47 hivi, yuko shambani kwake, na hakupewa. Hatuoni hoja ya mchezo inayoweza kulieleza jambo hilo. Alikuwa mbali, hakuwa na chama cha kumsemea wala barua za kuandikiana na wakubwa wa Ulaya, na aliyekuwa akimsemea alikwisha kufa.

Februari 2024 rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, alizuru Pakistan na kutangaza kwamba Mir Sultan Khan amepewa cheo cha grandimasta cha heshima. Ikawa grandimasta wa kwanza wa Pakistan ni mtu aliyekuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 57.

Michezo yake iliyohifadhiwa hupatikana bure kwenye intaneti kwa kuandika jina lake na jina la mpinzani. Haili bando nyingi, kwa kuwa mchezo mzima wa sataranji ni maandishi ya mistari michache tu. Anayeanza aufungue ule wa Capablanca, aruke mpaka hatua ya 23, pale malkia mweupe anapotolewa, kisha aende polepole.